Damu ya Namba Ishirini na Saba

Mama Makoti hakuwahi kukanyaga sakafu ya machinjio hata siku moja, lakini watu wa machinjioni aliwajua wote kwa madoa yao. Koti lenye kifungo kimoja cha bluu lilikuwa la mchunaji ngozi, mtu wa kufutia kisu begani. Lile refu lilikuwa la mpasuaji, na mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye kiwiko. Kila Jumamosi mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, alirudi na gunia mgongoni, ndani yake makoti thelathini na kitu, magumu kama mbao. Jumatatu asubuhi aliyarudisha kazini meupe pee, yamekunjwa, yananukia sabuni.

Kila dobi ana mtindo wake. Mtindo wa Mama Makoti ulikuwa kukung'uta kwanza. Koti halikuonja maji kabla hajalishika mabegani na kulipiga ukutani mara sita, mara saba, pa! pa! pa!, mpaka yote yaliyogandamana yakapukutika kama unga. Vumbi la rangi ya kutu lilipaa, likamwingia puani, akapiga chafya mbili za nguvu, akachukua koti jingine.

"Ukiloweka na uchafu wake," alikuwa akisema, "hujafua. Umepika supu."

Maji ya beseni lake la kwanza hayakuwahi kuwa mekundu, na hilo lilikuwa fahari yake. Wengine hujivunia mashamba.

Mkwe alikuwa na kigoda chake chini ya ukuta uleule, kwenye kivuli, na hapo ndipo alipokaa kushona vifungo wakati mama mkwe anapiga makoti. Kazini alikuwa muosha matumbo. Alikuwa pia na ile kazi ambayo wanaume waliikwepa: mbuzi akichinjwa akakutwa na mimba, mfuko wa uzazi uliletwa kwenye beseni lake yeye, aupasue, amwage maji yake, atupe. Aliifanya bila kunung'unika. Ila siku hizi aliifanya akiwa amefunga aproni juu kidogo, karibu na kifua, kwa sababu naye alikuwa na mimba ya miezi minne na hakutaka mtu aione.

Aliyejua ni mumewe, dereva wa lori aliyekuwa safarini wiki tatu kati ya nne, na Mama Makoti. Basi. Maana mwaka uliopita walikuwa wametangaza mapema. Msimamizi wa machinjio alipopata habari alimrudisha nyumbani kesho yake, akisema sakafu ya maji si mahali pa mjamzito. Mkwe akakaa nyumbani, akapumzika kwenye kigoda chake chini ya ukuta, akashona vifungo vya wenzake. Mwezi wa sita wa mimba akashikwa na homa ya siku tano. Siku ya sita mimba ikatoka. Wakasema ni malaria. Mama Makoti kwa uchungu akaongeza na neno lake, "Nilikwambia usibebe ndoo," na neno lile mpaka leo lilikuwa limekaa kati yao kama kiti ambacho hakuna anayekikalia.

Kwa hiyo safari hii walikuwa wakihesabu siku kimyakimya.

*

Alhamisi moja mkwe alirudi na kadi ndogo ya manjano mkononi. Akaiweka mezani, akaisukuma mbele kwa kidole.

"Mama, wamekuja watu wa damu."

"Wa kuomba damu?"

"Wa kupima. Wanafanya utafiti. Wanataka kujua wangapi kati yetu tuna homa fulani ya wanyama. Inaitwa homa ya Q."

"Ya nani?"

"Q, Mama. Ni herufi. Kama O iliyoota mkia."

Mama Makoti alikuwa amesoma madarasa manne, na hayo manne aliyasoma kwelikweli. Akafikiri. "Sisi tulisoma ba be bi bo bu mpaka za ze zi zo zu. Huyo hakupita darasani kwetu."

"Labda alikuwa mtoro."

"Na ugonjwa gani huo uliokosa hata jina, ukapewa herufi?"

Wakacheka. Kisha mkwe akaacha kucheka. Alisema kwamba wote sitini wa machinjioni wamepewa kadi, na kadi haina jina, ina namba tu. Yake ilikuwa ishirini na saba. Kesho ni zamu yake kutolewa damu.

"Na Redio anasema," akaendelea, "damu ikishaingia kwenye kile kichupa inatoboa siri zote. Una sukari, inasema. Una mimba, inasema. Halafu karatasi inapelekwa kwa Msimamizi."

Redio ndiye yule mchunaji ngozi wa kifungo cha bluu. Alipewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kuzimwa na mtu.

"Redio huyohuyo aliyesema machinjio yanahamishwa?"

"Mama, nisikilize. Msimamizi akijua, nakaa nyumbani miezi mitano, halafu baada ya hapo sijui kama atanirudisha. Mwaka jana nilimbembeleza mpaka nikachoka." Akashusha sauti, ingawa nyumbani walikuwa wawili tu. "Nenda wewe."

"Niende wapi?"

"Kwenye damu. Kadi ni namba tu. Wewe huna mimba."

"Umejuaje?" Mama Makoti akajishika tumbo, na mkwe akacheka tena bila kutaka, mpaka machozi yakamtoka, na machozi hayo Mama Makoti aliyaona si ya kicheko yote. Akaichukua kadi, akaitia kwenye pindo la kanga.

Ukweli ni kwamba hata yeye hakuwa mzima siku zile. Wiki ya pili hii alikuwa na homa ya kwenda na kurudi. Kichwa kilimgonga nyuma ya macho, jasho lililowesha shuka, asubuhi akaamka na nguvu za kitambaa. Alikuwa amemeza dawa za malaria zikaisha, akanunua nyingine, nazo zikaisha. Lakini makoti hayakungoja mtu apone.

*

Watafiti walikuwa wamefunga turubai nje ya geti la machinjio. Kulikuwa na meza, viti vitatu na sanduku la barafu, na muuguzi mmoja mwenye mkono mwepesi. Mkwe alikuwa amemfundisha Mama Makoti aseme ana miaka thelathini. Alipoulizwa, thelathini ilikataa kutoka.

"Arobaini na tano," akasema.

Muuguzi akanyanyua macho, akamtazama mvi zilizochungulia chini ya kitambaa. "Pole, mama. Maisha yamekukimbiza."

"Tena bila viatu, mwanangu."

"Kazi yako?"

"Naosha matumbo."

"Huwa unagusa mfuko wa uzazi wa mnyama? Maji ya uzazi, kondo la nyuma?"

"Kila siku," akasema Mama Makoti, ambaye mbuzi wa mwisho kumgusa alikuwa wa jirani, tena kwa kumfukuza na fagio.

"Una ujauzito?"

"Hili ni la kushiba."

"Umekuwa na homa mwezi huu?"

Hapo tu ndipo aliposema kweli, akaieleza homa yake yote, na muuguzi akaandika mistari mitatu. Sindano ikaingia. Damu ikapanda kwenye kichupa, nyeusi kuliko alivyotarajia, kikabandikwa karatasi: 27.

Alipoinuka akakutana uso kwa uso na Redio, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni amekunja mkono wa shati.

"Shikamoo, Ma..." Redio akakatiza. Akaitazama kadi, akamtazama yeye, akaitazama kadi. Midomo ilimcheza kama mtu mwenye pilipili ulimini.

"Marahaba," akasema Mama Makoti taratibu, akamkazia jicho.

"Leo redio imeisha betri," akanong'ona Redio, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akatimiza ahadi.

*

Baada ya siku kumi majibu yakarudi. Mkwe hakutaka kwenda. Alisema miguu inamuuma, alisema ana kazi nyingi, mwisho akasema, "Si uso wako ndio wanaoujua?" Mama Makoti akaenda.

Safari hii aliitwa ndani, kwenye chumba kidogo cha mizani kando ya geti, akakalishwa mbele ya daktari mwenyewe wa utafiti. Alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa iliyomteremka puani kila alipoinamia karatasi.

"Namba ishirini na saba. Karibu, mama. Nitakueleza polepole, na ukitaka kuuliza, nikatize." Akaigeuza karatasi. "Tumepima watu sitini. Kumi na saba kati yao homa hii ilishawapitia zamani, wengine hata hawakujua. Wanne wanayo sasa hivi. Wewe ni mmoja wa hao wanne."

"Mimi?"

"Wewe. Ile homa uliyomwambia muuguzi haikuwa malaria."

Akamweleza kwamba vijidudu hivyo hukaa ndani ya mbuzi, kondoo na ng'ombe, na mnyama mwenyewe unaweza kumwona mzima kabisa. Wakati wa kuzaa, au akipasuliwa akiwa na mimba, ndipo vinapotoka kwa wingi, kwenye maji ya uzazi na kondo. Vikikauka havifi. Vinageuka vumbi. Mtu akivuta hewa, amevivuta.

"Vumbi," akasema Mama Makoti.

"Vumbi. Si lazima uguse chochote." Daktari akasukuma miwani juu, akatoa pakiti ya dawa. "Hivi ni vidonge vya siku kumi na nne. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, usiruke. Baada ya wiki tatu nitachukua damu yako tena. Na usimgawie mtu. Hasa mjamzito. Hivi si vyake kabisa."

"Na mjamzito akiipata homa hii?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Huyo ndiye ninayemhofia kuliko wote. Mimba inaweza kutoka, na mwenyewe asijue ilitokaje. Lakini akiwahi, kuna dawa yake nyingine, na tunamwangalia mpaka ajifungue. Nyumbani kwako yupo?"

Mlango ulikuwa wazi nusu. Nje yake Msimamizi alikuwa amesimama na funguo zake, akimsubiri daktari amrudishie chumba cha mizani, na funguo zililia kila alipobadili mguu. Mama Makoti alizisikia zile funguo kuliko alivyowahi kusikia kitu chochote.

"Hapana," akasema. "Nyumbani ni mimi na makoti... na makochi." Akajicheka. Daktari naye akatabasamu kwa adabu, bila kuelewa. Pakiti ikaingia kwenye pindo la kanga.

*

Njiani alitembea polepole. Kitu kilikuwa kinamtekenya akilini na hakikutaka kukaa. Daktari aliamini kwamba homa ya namba ishirini na saba imetoka kwenye beseni la matumbo, na angeiandika hivyo, na ingekaa hivyo vitabuni. Duniani pote watu watatu tu, pamoja na Redio, walijua kwamba namba ishirini na saba hajawahi kuliona beseni hilo. Sasa yeye aliipata wapi?

Alifungua mlango wa uani. Jua lilikuwa limeupiga ukuta sawasawa, na kwa mara ya kwanza akauona. Miaka tisa alikuwa akiupiga bila kuutazama. Kwenye kimo cha mabega yake palikuwa na doa la kahawia, pana kama mlango, limeingia kwenye plasta mpaka ndani. Chini ya ukuta, ardhi ilikuwa na unga wa rangi ileile, laini kama poda. Na kwenye unga ule, miguu mitatu imezama kidogo, kilikuwa kigoda cha mkwe.

Mama Makoti akashika nguzo ya kamba ya kuanikia.

Mwaka jana Msimamizi alimwondoa kwenye sakafu ya maji akamleta hapa. Hapa ndipo alipopumzishwa. Na yeye, mama mkwe, alimwekea mto.

Akaingia ndani. Mkwe alikuwa amelala mchana kweupe, blanketi mpaka kidevuni, na meno yalikuwa yakigongana.

"Ni uchovu tu, Mama," akasema kabla hajaulizwa. "Tangu jana. Wamesemaje?"

"Wamesema ninayo. Hiyo homa ya herufi." Akaketi ukingoni mwa kitanda. Akafungua pindo la kanga atoe leso ajifute, na pakiti ikaanguka juu ya blanketi.

Mkwe akaiokota. Akaigeuza, akaisoma namba iliyoandikwa kwa kalamu. Uso wake ukapata nuru kidogo.

"Ishirini na saba. Hivi si vyangu hivi?"

"Nini?"

"Kadi yangu, namba yangu, dawa yangu. Na mimi ndiye ninayetetemeka, wewe umeshapoa. Tugawane basi, wewe nusu mimi nusu, na Msimamizi hajui kitu." Alikuwa ameshakibonyeza kimoja, kimekaa kiganjani, na mkono mwingine ulikuwa unatafuta kikombe cha maji.

Mama Makoti hakujua bado ana mwendo ule. Aliukamata mkono wa mkwe wake kama anayekamata kisu, kidonge kikaruka, kikagonga ukuta, kikaingia chini ya kabati.

"Damu ni yangu!" akapiga kelele. "Namba yako, damu yangu! Hivyo si vya mwenye mimba!"

Mkwe alimtazama amepigwa na butwaa. Tangu aolewe hakuwahi kuguswa hivyo na mama mkwe. Mama Makoti aliuachia mkono, akaupapasa, akaanza kusema. Alisema yote aliyoambiwa kwenye chumba cha mizani: mbuzi, maji ya uzazi, kukauka, vumbi. Alipofika kwenye vumbi sauti ilipungua, lakini hakusimama. Alisema ukuta. Alisema kigoda.

Mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza neno moja.

"Mwaka jana?"

"Sijui, mwanangu. Labda na mwaka jana."

"Na ulisema ni ndoo."

"Nilisema ni ndoo."

Mkwe akageukia ukutani. Blanketi lilipanda na kushuka mgongoni mwake. Nje makoti ya watu yalikuwa kwenye gunia yakingoja kurudishwa. Mama Makoti alikaa palepale mikono juu ya mapaja, akaitazama mikono hiyo, hakuthubutu kumgusa.

"Msimamizi atanitoa," mkwe akasema mwishowe, bado amegeukia ukuta.

"Akutoe."

"Na wewe watakunyang'anya makoti. Tumewadanganya."

"Wayachukue na vifungo vyake. Inuka, nikufunge kitambaa. Daktari anaondoka leo jioni."

"Watatucheka, Mama."

"Watucheke tukiwa watatu," akasema Mama Makoti.

*

Walimkuta daktari kwenye chumba cha mizani, anafunga masanduku. Muuguzi alikuwa anakunja turubai. Mama Makoti aliomba mlango ufungwe, na mlango ulipofungwa akasema bila kukaa:

"Mwanangu, namba ishirini na saba ni huyu. Damu ni yangu mimi. Yeye ndiye muosha matumbo. Mimi sijawahi kuingia humo ndani hata kwa bahati mbaya. Tumekudanganya, na mwenye wazo ni mimi."

"Ni mimi," mkwe akasema.

"Nyamaza wewe. Na ana mimba ya miezi minne, na tangu jana anatetemeka."

Daktari alivua miwani, akajisugua macho, akakaa juu ya sanduku. Walingoja kugombezwa. Lakini alipozungumza alimzungumzia mkwe kwanza: akamkalisha, akamshika paji la uso, akamwita muuguzi alete sindano na kipimajoto. "Damu hii sitasubiri siku kumi. Naipeleka mwenyewe leo. Na dawa ya wajawazito unaianza leoleo, sitangoja majibu." Halafu akauliza, "Kwa nini hukuja mwenyewe?"

Mkwe akamweleza habari za kichupa kinachotoboa siri, na karatasi ya Msimamizi.

"Kipimo hiki hakioni mimba, dada. Hata ukiwa na mapacha. Na karatasi haiendi kwa Msimamizi. Haijawahi kwenda. Nani aliwaambia?"

"Redio," wakajibu wote wawili kwa pamoja.

Daktari akadhani ni matangazo, akakunja uso. Kisha akamgeukia Mama Makoti, na macho yake bila miwani yalikuwa ya mtoto. "Lakini wewe, mama. Kama huingii humo ndani, uliipata wapi?"

"Nafua makoti yao."

"Kufua tu?"

Mama Makoti hakuwa na maneno ya kitabibu. Alichukua koti la muuguzi lililotundikwa msumarini, akalishika mabegani, akalipiga ukutani. Pa! Muuguzi akaruka. Pa! Pa! Akalirudisha msumarini.

"Hivi. Kabla ya kuloweka. Makoti thelathini, kila Jumamosi, miaka tisa. Na huyu amekaa chini yangu anashona vifungo."

Daktari alichukua daftari, akalifungua, akaandika kwa muda mrefu.

"Nimewauliza watu sitini wanagusa nini," akasema, kama anajisemea mwenyewe, "na wote, isipokuwa mmoja, wamekanyaga sakafu hii. Sikumuuliza hata mmoja koti lake linakwenda wapi jioni."

"Mama," akasema mkwe kwa sauti ndogo, na hakuna aliyejua anamwita nani kati ya wawili hao. Alimwangalia daktari. "Na ile ya mwaka jana. Ilikuwa hii?"

"Sitajua, dada. Nikikwambia ndiyo nitakuwa nakudanganya, na nikikwambia hapana pia. Ya mwaka huu ndiyo iliyo mikononi mwetu."

*

Majibu ya mkwe yalikuwa yaleyale: anayo. Alikunywa dawa zake, vidonge vikubwa vyeupe, kila siku asubuhi na jioni kwa miezi, na kila mwezi alipanda gari kwenda kupimwa. Msimamizi alipewa barua na daktari. Aliisoma mara mbili amesimama, akauliza kama na yeye, ambaye koti lake hukaa nyuma ya kiti cha gari lake na watoto wake hupanda gari hilo, apimwe. Baada ya hapo hakuwa na ubishi mwingi. Mkwe akahamishiwa getini, kuandika namba za wanyama wanaoingia, mbali na maji. Ndani ya machinjio likawekwa pipa kubwa la dawa, na ikawa sheria kwamba koti haliondoki mpaka limezamishwa humo. Sasa makoti yalifika kwa Mama Makoti yamelowa, mazito kama maiti, na aliyeyabeba mgongoni ni Redio, bila kuombwa, akilalamika njia nzima.

Maji ya beseni la kwanza yalikuwa mekundu. Mama Makoti aliyaona, akayaacha yawe mekundu.

Ukuta uliloweshwa, ukasuguliwa, ukapigwa chokaa, na mkwe alikaa kwa dada yake wiki zote hizo. Aliporudi alikuwa na tumbo la kuonekana kutoka barabarani. Kigoda alikikuta kimechomwa. Hakuuliza, na habari ya mwaka jana hakuigusa. Walipika, walikula, walihesabu siku, kila mmoja kwa upande wake. Mwezi wa sita ulipoingia Mama Makoti alimsikiliza pumzi kila mchana alipolala. Mwezi wa sita ukapita. Wa saba ukapita. Mume aliomba likizo ya lori, akanyimwa, akaomba tena.

Mtoto alikuja wiki tatu kabla ya wakati, asubuhi ya Jumanne. Msichana, mdogo, kilo mbili na kidogo, lakini sauti yake ilisikika mpaka dirisha la dawa la hospitali. Mama Makoti alipoonyeshwa mlango wa wodi alikwenda kwanza kwenye bomba la kunawia, akanawa mpaka kwenye viwiko. Akafika mlangoni, akarudi, akanawa tena. Alikuwa amevaa gauni jipya ambalo halijawahi kupita uani kwake. Hata hivyo alisimama mlangoni na mkoba kifuani, miguu haiendi.

Mkwe alikuwa ameegemea mto. Uso ulikuwa umechoka na umetulia.

"Mbona umesimama huko kama mtu wa kodi?"

"Nimemwona kutoka hapa. Anatosha kuonekana."

"Mama."

"Mikono hii, mwanangu..."

"Mikono hiyo naijua," mkwe akasema. "Mmoja uliniacha na alama kwenye kifundo cha mkono, wiki nzima haikutoka. Ungekuwa mlegevu siku ile, huyu asingekuwepo labda. Njoo umchukue, mgongo unaniuma."

Mama Makoti akaenda. Akampokea mjukuu wake kama anavyopokewa mtu aliyetoka mbali, akamweka kwenye mkunjo wa mkono. Mtoto alikunja uso, akafungua kinywa, akapiga chafya. Moja, halafu ya pili.

Mama Makoti akaganda. Akamtazama muuguzi wa wodi kwa macho ya kuomba.

"Wote hupiga chafya, bibi," muuguzi akasema, akaendelea kutandika kitanda cha jirani. "Ndiyo kwanza anaionja hewa."

Mama Makoti akamsogeza dirishani, hewa ilipokuwa nyingi.